Kutembea Long Walk ya Windsor, kutoka lango la kasri hadi Farasi wa Shaba

Kila likizo ikikaribia, maswali kuhusu Long Walk, njia ndefu ya miti inayoanzia kasri la Windsor huko Uingereza, ni yale yale. Long Walk inalipiwa? Ni ile ya Kensington? Mtoto wa miaka sita ataimaliza? Mbona tulifika kwenye lango la kasri tukalikuta limefungwa? Mwongozo huu unajibu kwa kufuata safari yenyewe, tangu tiketi ya treni hadi kurudi kituoni.

Kwanza tukubaliane ni wapi. Windsor ni mji mdogo kandokando ya mto Thames, kama kilomita 35 magharibi mwa katikati ya London. Long Walk iko huko, ndani ya Windsor Great Park, eneo linalosimamiwa na Crown Estate, shirika linalotunza mali za ufalme. Si sehemu ya bustani za kifalme za London kama Hyde Park au Kensington Gardens. Kensington kuna Broad Walk, nayo ina miti pande mbili, nayo ina jumba la kifalme ubavuni. Ndiyo maana ukimwambia mwenzako "tukutane ile njia ya miti ya mfalme", mmoja anaweza kusubiri London na mwingine yuko Windsor. Taja jina la mji.

Njia yenyewe imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Ina urefu wa kilomita 4.26, kutoka lango la George IV upande wa kusini wa kasri hadi sanamu ya Mfalme George III akiwa juu ya farasi, ndiyo hiyo Farasi wa Shaba, kileleni mwa kilima kiitwacho Snow Hill. Kwenda na kurudi ni kilomita 8 na nusu. Haina kiingilio. Charles II ndiye aliyeanza kuipanda miti katika miaka ya 1680, wakati huo ikiwa miti ya aina ya elmu. Mwaka 1710 Malkia Anne akaongeza barabara ya katikati ili magari ya farasi yapite. Elmu zikaugua, zikakatwa miaka ya 1940, na mahali pake ikapandwa miti unayoiona leo. Kwa kuanzia, historia hiyo inatosha.

Jambo la kushika kabla ya mengine yote: panga safari hii kuanzia mwisho wake. Kilichopo langoni ni barabara na miti. Kilichopo kilimani ndicho watu hufunga safari kukifuata, na kati yao kuna mwendo wa saa nzima. Sanamu huonekana kwa mbali tangu mwanzo, na kwa kuwa njia haina kona, macho hayana kitu cha kupimia umbali. Mtu anasema "si hapo tu", anatoka saa tisa alasiri, dakika arobaini baadaye sanamu bado ni kidoti, anageuka. Televisheni nayo imechangia. Septemba 2022, katika mazishi ya Malkia Elizabeth II, yule aliyerithi kiti cha ufalme akiwa Kenya Februari 1952, msafara wa jeneza uliingia Long Walk kutokea Albert Road, barabara kuu inayoikata njia hii, ukaelekea kasri. Watazamaji waliona kipande cha mwisho tu, kile kifupi. Sehemu kubwa ya njia iko upande wa pili wa barabara hiyo.

Chagua urefu wa safari

Kama una saa moja tu: tembea kutoka mjini hadi Double Gates, mageti ya kuingilia Deer Park, eneo la wanyama, kisha urudi. Utaona miti na kasri vizuri, lakini ayala, wale kulungu wa hapa, hutawaona isipokuwa kwa bahati, wala hutapanda kilima.

Kama una saa tatu: nenda hadi kwenye sanamu na urudi. Hii ndiyo safari tunayoieleza hapa. Kwa mwendo wa kawaida hesabu dakika 60 hadi 70 kwenda, nusu saa kileleni, na dakika 60 kurudi. Kutoka kituo cha treni ongeza dakika 10 hadi 15 kila upande.

Kama una siku nzima na miguu mizuri, unaweza kupita sanamu ukaendelea hadi bustani ya Savill Garden au ziwa la Virginia Water. Ukifanya hivyo usipange kurudi kwa miguu. Beba namba ya taksi.

Unachohitaji

- Raba au viatu vyenye soli inayoshika. Sehemu kubwa ya njia ni lami, lakini kipande cha mwisho ni nyasi na udongo, na nyasi za Uingereza huwa na maji hata siku ambayo mvua haikunyesha. Kandambili na viatu vya kisigino viache nyumbani.
- Maji, lita moja kwa mtu mzima wakati wa joto, nusu lita wakati wa baridi. Njiani usitegemee duka wala bomba.
- Chakula kidogo cha mkononi, na mfuko wa kubebea takataka zako.
- Koti jepesi la mvua. Mwavuli ni mzigo, maana kilimani upepo huugeuza nje ndani.
- Simu yenye chaji. Baridi humaliza betri haraka, hasa ya simu iliyozeeka.
- Suruali ndefu na soksi kama utakanyaga nyasi kati ya Mei na Oktoba. Sababu ni kupe, tutafika huko.
- Saa ya kuzama kwa jua siku hiyo, iandike. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni (16:00). Juni huzama baada ya saa tatu usiku (21:00).

Tahadhari ya saa: ratiba za treni zimeandikwa kwa mtindo wa 24, na 09:30 ni saa tatu na nusu yetu. Linaonekana jambo dogo hadi siku utakapomwambia mwenzako "treni ya saa tisa" naye akafika mchana. Hapa chini tunataja saa ya Kiswahili, kisha ya kituoni kwenye mabano.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku. Kasri la Windsor kwa kawaida hufungwa kwa wageni Jumanne na Jumatano. Kama unataka kasri na Long Walk kwa siku moja, epuka siku hizo mbili. Kama unataka Long Walk peke yake, hizo ndizo siku nzuri, kwa kuwa mji unakuwa na nafasi. Kwa majira, mwanzoni mwa Mei miti ya chesnati huchanua maua meupe yaliyosimama kama mishumaa, na mwishoni mwa Oktoba majani hugeuka manjano. Agosti ni mwezi wa watu wengi na majani yaliyochoka. Kabla ya kununua tiketi, tazama tovuti ya Windsor Great Park kama kuna tangazo la kufungwa. Mbio za barabarani na sherehe za kifalme zinaweza kuifunga njia au sehemu yake.

2. Panda treni iliyo sahihi. Windsor ina vituo viwili, na hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Kutoka kituo cha Paddington, London, unashuka Slough na kubadilisha; treni ndogo ya Windsor huondokea jukwaa namba 1 na kufika Windsor & Eton Central kwa dakika sita hivi. Kutoka kituo cha Waterloo, London, hubadilishi, unakaa karibu saa moja hadi Windsor & Eton Riverside. Anayekaa magharibi au kaskazini mwa London apitie Paddington. Anayekaa kusini apitie Waterloo. Oyster, kadi ya nauli ya London, haitumiki hadi Windsor. Ukigonga Oyster London kwa mazoea, utafika mwisho wa safari kadi hiyo haikubaliki, na unaweza kudaiwa nauli ya adhabu. Njia isiyo na mashaka ni kununua tiketi ya kwenda na kurudi yenye jina la Windsor, ya saa zisizo na msongamano. Mkiwa watu 3 hadi 9 mnaosafiri pamoja, ulizeni punguzo la GroupSave, ambalo hupunguza theluthi ya nauli.

   Anayetoka uwanja wa Heathrow yuko karibu zaidi kuliko anayetoka katikati ya London. Taksi ni kama dakika 20 barabara ikiwa wazi, na yapo mabasi yanayounganisha Terminal 5 na Windsor. Kwa anayebadilisha ndege tu, kumbuka kwamba viza ya kupita bila kutoka uwanjani haikuruhusu kufika huku.

3. Nenda chooni mjini. Hatua hii ina namba yake kwa sababu ikirukwa safari huharibika. Kutoka Park Street hadi kwenye sanamu usitarajie choo, na eneo ni la wazi. Tumia vyoo vilivyo kwenye maduka ya kituo cha Central kabla hujaanza.

4. Tafuta Park Street. Ukitoka kituo cha Central utajikuta uso kwa uso na kuta za kasri na sanamu ya Malkia Victoria. Usiifuate foleni inayoelekea kasri. Geuka kulia, fuata High Street, pita Guildhall, ukumbi wa mji wenye nguzo za mawe, pita kanisa la parokia la Mtakatifu Yohana Mbatizaji, kisha ingia kushoto Park Street. Mtaa huu ni mfupi na mtulivu. Mwisho wake upande mmoja kuna baa ya Two Brewers, na mbele kuna Cambridge Gate. Aliyeshukia Riverside apande kwanza Thames Street akizunguka ukuta wa kasri, dakika tano au saba za mlima, halafu aunganike na njia hii hii.

   Siku za kubadilishana walinzi, askari hupita High Street na bendi karibu na saa tano asubuhi (11:00), na barabara hujaa. Ukitaka kuwaona, wahi. Ukitaka kutembea tu, pita kabla ya saa nne na nusu (10:30).

5. Ukipita Cambridge Gate, simama na ujue pande zako. Kushoto ni kasri, lango la George IV. Kulia ni sanamu, kusini kabisa. Lango la George IV si la wageni. Ni la familia ya kifalme na misafara yake. Tiketi yako ya kasri hata kama imelipiwa haifungui hapo. Wageni wa kasri huingilia Castle Hill, upande wa mji. Karibia lango uone, piga picha, usibishane na polisi, geuka.

   Juu ya mnara utaona bendera. Ikiwa ni ya kifalme, yenye simba na kinubi, Mfalme yupo. Ikiwa ni ya taifa, hayupo.

6. Tembea hadi Albert Road. Ni kama dakika 15, tambarare. Katikati ni lami, pembeni ni nyasi pana, na miti imepangwa mistari miwili kila upande. Tembea kwenye nyasi kati ya mistari miwili upande wa kivuli kama jua ni kali. Miti ni ya aina mbili. Wenye gome la mabaka, kama nguo za jeshi, ni pleni ya London. Wenye majani ya vidole vitano hadi saba yaliyotoka pamoja kama kiganja ni chesnati ya farasi. Pleni mwishoni mwa majira ya kuchipua hudondosha vinyoya vidogo vinavyokera koo na macho. Mwenye pumu atembee katikati ya barabara siku kavu zenye upepo.

   Albert Road ni barabara kuu, A308, na inaikata Long Walk. Magari huenda kasi. Wanaotoka Kenya, Uganda na Tanzania hawana tatizo, kwani magari hupita kushoto kama nyumbani. Wanaotoka Kongo, Burundi, Rwanda au Oman watazame kulia kwanza, kinyume na walivyozoea.

7. Ingia Deer Park kupitia Double Gates. Baada ya barabara kuna uzio na mageti. Pitia geti dogo la watembea kwa miguu na uhakikishe limejifunga nyuma yako. Geti likiachwa wazi, ayala hutoka barabarani. Baiskeli haziruhusiwi ndani ya Deer Park, wala skuta. Mbwa ashikwe kwa kamba fupi. Droni usiirushe kabisa: tangu 2022 anga inayozunguka kasri imewekewa marufuku, na kesi yake ni ya jinai.

   Wanyama unaowafuata ni wale ambao baadhi yetu huwaita kulungu, wengine paa, na wazee wa kanisa huwaita ayala. Wapo kama 500, wenye rangi nyekundu ya hudhurungi. Kundi lilirudishwa hapa mwaka 1979 na Prince Philip, likianza na majike arobaini na madume mawili. Si swala wa nyumbani: pembe za dume huanguka kila mwaka na kuota upya. Kwa hiyo ukifika Aprili ukawakuta madume hawana pembe, usidhani ni majike wote.

8. Weka umbali wa mita 50. Hizo ni sawa na nusu ya uwanja wa mpira, na ndiyo kanuni ya hapa. Usiwape chakula, usiwapigie miluzi ili wageuke, usisimame kati ya jike na mtoto wake. Kuna vipindi viwili vya hatari. Septemba na Oktoba madume hupigania majike. Utasikia mngurumo ambao mgeni hudhani ni wa simba. Dume wa wakati huo haogopi mtu. Kuanzia Mei hadi Julai majike huzaa na kuficha watoto kwenye nyasi ndefu. Ukikuta kitoto kimelala peke yake, hakijatupwa. Usikiguse, rudi ulikotoka, mama yuko karibu anakutazama.

   Watu husahau kwamba mnyama akikutazama ameinua kichwa na ameacha kula, tayari umesogea mno.

9. Panda Snow Hill. Njia ndani ya Deer Park huinuka na kushuka kidogo kidogo. Chini ya kilima lami hukunja kushoto ikielekea Bishopsgate. Hapa ndipo watu hupotea: wanafuata lami kwa sababu miguu imeizoea, na kilima wanakiacha kulia. Iache lami. Fuata nyasi moja kwa moja mbele, sanamu ikiwa juu yako. Mpando ni mfupi lakini mkali kuliko unavyoonekana. Kiti cha magurudumu kinafika vizuri hadi mwisho wa lami, ila hapa juu ni kazi ngumu hata kwa msukumaji mwenye nguvu. Kigari cha mtoto chenye magurudumu makubwa kitapanda. Kile kidogo cha kukunja kibebe mkononi.

10. Kaa kileleni, na sasa ndipo ugeuke. Tunashauri usitazame nyuma sana wakati wa kwenda. Ukifika chini ya sanamu, geuka mara moja: kilomita nne za njia zimelala mbele yako na kasri limesimama mwishoni. Hakuna sehemu nyingine ya matembezi haya inayolipa namna hiyo. Siku ya hewa safi unaona hadi ndege zinazotua Heathrow na tao la uwanja wa Wembley.

    Sanamu yenyewe, Copper Horse au Farasi wa Shaba, ni kazi ya Richard Westmacott, ilisimamishwa mwaka 1831 juu ya lundo la mawe makubwa. George III amevalishwa kama kaisari wa Roma, mkono umeelekea kasri. Utasikia hadithi kwamba mchongaji alisahau vikanyagio vya miguu, akajiua kwa aibu. Si kweli. Warumi hawakutumia vikanyagio, na Westmacott aliishi miaka mingi baadaye. Maandishi ya Kilatini chini yake yanasema ni zawadi ya Mfalme George kwa George wa Tatu, "baba bora kabisa". Aliyeyaandikisha ni mwanawe, George IV, ambaye katika uhai wa baba yake walikuwa hawaivi chungu kimoja.

    Usipande mawe hayo yakiwa yamelowa. Yanateleza, na kushuka ni kugumu kuliko kupanda.

11. Piga picha kwa kujua jua liko wapi. Njia inatoka kaskazini kwenda kusini, kasri likiwa kaskazini. Maana yake ukiwa kilimani ukilitazama kasri, jua la mchana liko mgongoni kwako na uso wa kasri umeangazwa. Ukiwa langoni ukiitazama sanamu, unapiga picha kuelekea jua, na miti inatoka myeusi. Kwa hiyo picha nzuri ni za kurudi. Kosa la pili ni lensi pana. Simu ikiwa kwenye hali ya kawaida hulifanya kasri kuwa punje. Vuta karibu mara tatu hadi tano, simama katikati kabisa ya lami, na miti itajisogeza yenyewe kama pazia mbili. Mwenye kamera atumie lensi ya milimita 200 kwenda juu.

12. Anza kurudi mapema. Uwe umeondoka kileleni saa moja na nusu kabla ya jua kuzama. Ndani ya Deer Park usitegemee taa za barabarani, na ayala hupenda kuvuka njia jioni. Kurudi ni kwepesi, kwa kuwa kuna mteremko na kasri linakua mbele yako kila hatua.

13. Kagua kupe. Fanya hivi jioni hiyo hiyo, hasa kama ulikaa kwenye nyasi: nyuma ya magoti, kwenye kinena, kwapani, na kwa watoto nyuma ya masikio na kwenye nywele. Kupe wa huku ni wadogo, wengine kama mbegu ya ufuta, na baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme. Ukimkuta ameng'ata, tumia kibanio chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute polepole kuelekea juu bila kumsokota. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma na kiberiti kama wanavyofanya baadhi ya wafugaji. Akiudhika hutapika ndani ya jeraha. Katika wiki zinazofuata ukiona duara jekundu linalopanuka kwenye ngozi, au homa isiyoeleweka, nenda kwa daktari na umweleze kuwa ulikuwa kwenye eneo la ayala. Ngozi nyeusi huficha wekundu huo, kwa hiyo tafuta duara la rangi iliyokoza au kijivu, usisubiri wekundu wa kwenye picha za mtandaoni.

Mambo yakienda kombo

*Tumefika mwisho wa Park Street hatuoni njia ndefu.* Bado hamjapita Cambridge Gate. Ingieni ndani hadi miti ionekane pande zote, kisha mgeuke kulia.

*Tumetembea saa nzima hatujaona ayala hata mmoja.* Kundi huzunguka eneo lote, si lazima liwe kando ya lami. Mchana wa joto hulala kivulini. Tazama kwenye miti iliyo mbali na njia, kulia na kushoto, hasa karibu na kilima. Asubuhi na jioni nafasi ni kubwa zaidi. Usiache njia kuwatafuta msituni.

*Ayala wamelala katikati ya lami.* Hutokea. Zunguka kupitia nyasi kwa mbali, au subiri. Usiwapigie makofi.

*Mtoto amechoka katikati ya njia.* Pima kwa mageti. Kama hamjafika Double Gates, geukeni. Kama mmekwisha kuyapita kwa dakika 25, kilima kiko karibu sawa na mlikotoka, lakini kumbuka kwamba bado kuna kurudi. Kwa watoto wa chini ya miaka saba kuna njia nyingine: nendeni na gari hadi maegesho ya kulipia ya Savill Garden, mtembee kama dakika 40 hadi kwenye sanamu kutokea nyuma. Mtapata mandhari ile ile kwa nguvu chache. Hutakuwa umetembea Long Walk, ila mtoto hatajali.

*Majani ya miti yamekauka na bado ni Agosti. Ni ukame?* Mara nyingi si ukame. Ni kiwavi mdogo anayechimba ndani ya jani la chesnati ya farasi. Aliingia Uingereza mwaka 2002 na ameenea. Mti haufi kwa hilo, mwakani huchipua tena. Pleni zilizo jirani hubaki za kijani, kwa hiyo unaweza kutofautisha miti hiyo miwili kwa mbali.

*Tumeokota mbegu za kahawia zinazong'aa. Zinachomwa kama zile zinazouzwa mitaani wakati wa Krismasi?* Hapana, na hili si la kujaribu. Zinazouzwa ni za mti mwingine. Ganda lake lina miiba mingi myembamba kama nungunungu. Hizi za Long Walk ganda lina miiba michache, minene, iliyoachana. Zina sumu inayoleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha. Watoto wa Kiingereza huzitoboa, huzifunga kamba na kuzigonganisha kwa mchezo. Kucheza nazo sawa. Aliyekwisha kuzila, piga 111 uombe ushauri, na 999 kama ana hali mbaya.

*Radi inapiga nasi tuko Deer Park.* Ondokeni chini ya miti na msibaki kilimani karibu na sanamu. Teremkeni mahali pa chini, mbali na mti wowote mrefu.

*Giza limetukuta.* Kaeni kwenye lami, washeni tochi ya simu, elekeeni kwenye taa za kasri na mji. Kwa kuwa njia imenyooka hamwezi kupotea mkibaki juu yake. Msijaribu njia ya mkato kupitia miti ya upande wa mashariki, maana huko ni Home Park, eneo la faragha la Mfalme, na wanaolilinda wana silaha.

*Treni ya Slough imetuacha.* Mchana hupita mara kwa mara, nyingi kila dakika 20 hivi, kwa hiyo subirini. Usiku huchelewana, na Jumapili kunaweza kuwa na matengenezo ya reli. Kabla hamjakimbilia kituo cha Riverside, someni tiketi: iliyoandikwa kupitia Slough huenda isikubalike kwenye treni ya Waterloo.